Mama Mabuti na mguu uliokataa jozi

Maji ndiyo kwanza yanarudi nyuma, na tope la ufukweni linang'aa kama sufuria iliyotoka kusuguliwa. Langoni kwa hifadhi ya pwani, ndani ya kibanda cha mabati kisichozidi bafu kwa ukubwa, mwanamke mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani anaangua buti la mpira ukutani na kuliingizia mkono mpaka kwenye kiwiko.

Anapapasa. Anatulia. Anatabasamu.

"Huyu kalala na viatu," anasema, na kumtoa kaa mdogo aliyemng'ang'ania kidole kwa gando moja. Anamweka chini mlangoni. Kaa anaondoka ubavu ubavu, hata kuaga haagi.

"Kumpa mgeni buti bila kulipapasa ni kama kumpa kitanda bila kukung'uta shuka," anaeleza, huku mkono umeshaingia buti la pili.

Kitendawili: nyumba yangu mlango uko juu, dirisha haina, na nikitaka kuhamia, mguu mmoja huingia kwangu na wa pili huingia kwa jirani. Ukishindwa, toa mji. Lakini ukifika langoni hapa hushindwi, maana nyumba hizo zimejaa ukutani, zimening'inia nyayo juu, kila moja kwenye msumari wake. Na mwenye nyumba ni huyu mama, ambaye hapa kila mtu humwita Mama Mabuti.

Kazi yake ni kuazimisha mabuti. Kwenye hifadhi hii hakuna anayeshuka topeni na kiatu chake, wala hakuna anayeshuka peku. Kiatu cha mjini huingiza mbegu za magugu na uchafu wa barabarani. Na peku ndiyo balaa zaidi, kwa kuwa chaza wamegandamana kwenye mizizi ya mikoko, na makali yao hukata unyayo kama wembe mpya.

Wageni wakitoka, Mama Mabuti huwakalisha kwenye benchi, akawavua, akasuuza kila buti bombani hadi soli ionekane.

"Tope la hapa halina ruhusa ya kusafiri," huwaambia. "Likitaka kuondoka, liombe kibali kama sisi."

Jozi moja kwa siku humpatia bei ya mkate mmoja. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mpaka mbali na wageni wakafurika, hurudi nyumbani na mikate ishirini. Siku za maji mafu, bahari inapogoma kutoka, hurudi na miwili. "Na kaa," anaongeza.

Simu yake haipoi. Wanaopanga kutembelea hifadhi humpigia yeye kwanza, kwa kuwa askari wa lango ameiandika namba yake kwenye ubao kwa chaki. Maji yanatoka lini? Tuje na nini?

"Njoo maji yakitoka, usije yakirudi, bahari haina breki," husikika akisema, simu ikiwa imebanwa begani. "Kofia lete. Maji ya kunywa lete. Manukato acha nyumbani, ndege wa huku hawaposwi. Na niambie ukubwa wa miguu yako, usinidanganye. Watu hudanganya umri kwa daktari na miguu kwangu."

Kwa namna hiyo amewapangia safari watu ambao hata hawakumbuki. Lakini kuna safari moja iliyomshinda miaka nenda miaka rudi, na mwenye safari hiyo analala chumba cha pili kutoka chake.

Ni mama mkwe wake.

Wanaishi ua mmoja: Mama Mabuti na mumewe, ambaye ni fundi bomba, mama mkwe, na shangazi wa mume, yaani wifi yake mama mkwe. Vikongwe hawa wawili wamezeeka pamoja kama vikombe vya seti moja, kila kimoja kina ufa wake. Mama mkwe ana jina la utani alilopewa na wifi yake tangu ujana wao, na mpaka leo huitikia. Jina lenyewe ni Kichwachini.

Kisa chake ni hiki. Zamani pwani hii ilikuwa uchi. Mikoko ilikatwa yote kwa kuni na boriti, bahari ikaanza kula ufuko kidogo kidogo kama mtoto aliyeachiwa sukari. Wanawake wa mtaa wakaitwa kupanda upya. Mama mkwe alikuwa bado bibi arusi wa juzi juzi, na mgongoni alibeba mtoto wake wa kwanza, ambaye ndiye fundi bomba wa leo.

Mche wa mkoko hauna mambo mengi. Ni mrefu kama kalamu, huchomekwa topeni, kazi imekwisha. Shida ni kwamba una ncha huku na ncha huku. Ncha moja ni mzizi, ya pili ndiyo kichwa. Wenyeji wa kazi huzitofautisha kwa kidole tu. Mgeni akikosea, amemsimamisha mtoto miguu juu.

Mama mkwe alipanda safu nzima, peke yake, kando ya jiwe moja kubwa lililofanana na mkate. Wifi yake akaja nyuma kukagua. Aling'oa mche mmoja, akautazama, akapiga kelele ufuko mzima ukasikia: "Wifi, umeupanda kichwa chini."

Kabla hawajakagua wa pili, maji yakarudi. Wakakimbia. Wiki ile ile kazi ikahamishiwa ufuko mwingine, na baadaye eneo likazungushiwa uzio likawa hifadhi. Safu ya mama mkwe ilimea au haikumea, hakuna aliyerudi kutazama.

"Ni ule mmoja tu," anasema mama mkwe, akikaa kwenye kiti chake cha plastiki uani. "Mingine niliisimamisha vizuri."

"Mtu akipata jiwe moja kwenye mchele, atajua sufuria nzima imepepetwaje," anajibu wifi yake kutoka dirishani.

Fundi bomba ameulizwa mara nyingi atoe ushahidi. "Nilikuwepo," husema, "lakini nilikuwa nimelala."

Wamecheka hivyo maisha yao yote. Ila Mama Mabuti, ambaye kazi yake ni kuangalia watu kuanzia chini, aligundua jambo. Kila jioni anaporudi, mama mkwe humuuliza swali lile lile, kwa sauti ya mtu asiyejali: "Leo umefika kule jiweni?"

Akisema hakufika, mama mkwe hutikisa kichwa na kuendelea na shughuli zake. Akisema ameliona kwa mbali, kikongwe huacha alichoshika.

Kwa nini basi asiende mwenyewe kutazama? Jibu liko chini ya gauni lake refu. Mguu wake wa kushoto ni mguu kama wa watu wote. Wa kulia una matende. Umevimba kuanzia gotini hadi vidoleni, na amekaa nao muda mrefu hata huuita "mgeni asiyeaga". Huuosha kwa sabuni kila siku, huukausha kwa taulo lake peke yake, na usiku huulaza juu ya mto. Nesi wa zahanati amemuonya kwamba mchubuko mmoja tu ukiingia tope, mguu utawaka na yeye atalala kitandani.

Askari wa lango ni mtu wa huruma, pengine angemwachia apite peku. Chaza hawana huruma. Na kwenye ukuta wote wa Mama Mabuti hapakuwa na buti la kuingia mguu ule.

Mwaka huu mambo yakabana. Askari alimletea Mama Mabuti habari: njia ya kwenda jiweni itafungwa maji ya bamvua ya mwisho wa msimu yakipita, ili tope na ndege wapumzike. Ifungwe mpaka lini? Askari akainua mabega. "Tope likipumzika, mama, haliwekewi saa ya kuamka."

Mama Mabuti alirudi nyumbani siku hiyo na buti kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo. Asubuhi iliyofuata, mama mkwe akiwa bado kitandani, alimpima mguu kwa kamba. Akalipasua buti ubavuni, akaongeza kipande cha mpira, akabandika, akalianika. Jioni familia ikakusanyika uani kama inayongoja bwana arusi.

Vidole viliingia. Unyayo ukaingia. Kisigino kikafika mlangoni kikagoma.

"Sukuma, Mama."

"Nisukume nini, mwanangu? Nimeshaingia wote, kimebaki kisigino."

Wakajaribu poda. Wakajaribu mfuko wa nailoni. Fundi bomba akaenda kuleta grisi, mama yake akamkata jicho. "Mimi si bomba."

Hapo ndipo Mama Mabuti alipogundua kosa lake. Mguu wa matende ukilazwa juu ya mto usiku kucha hunywea. Ukishinda siku nzima chini, hujaa. Yeye alipima mguu wa asubuhi, na mguu wa asubuhi si mguu wa jioni.

"Kila siku nawaambia wageni wasinidanganye," anasimulia, akicheka huku akitikisa kichwa. "Kumbe nimedanganywa na kamba yangu mwenyewe."

Mama mkwe alijivua lile buti polepole. Akasema, "Basi. Hata hayati mume wangu hakunikataa hivi." Kisha wote wakageuka kumtazama wifi yake, wakingoja utani, kwa kuwa nafasi kama ile ilikuwa haijawahi kutokea.

Wifi mtu akainuka. Akakusanya vikombe. Akasema kwa sauti ndogo, "Pole, wifi," akaingia ndani.

Nyumba ikaharibika.

Kesho yake hakuna aliyesikia neno Kichwachini. Wifi mtu alimletea mwenzake maji ya kunywa bila kuombwa. Alimwekea mto mgongoni. Alizungumza naye kwa ile sauti ya kutembelea wagonjwa. Keshokutwa ikawa hivyo hivyo. Mama Mabuti anasema alitamani kurudi kwenye kibanda chake akae na kaa, angalau wao wana kelele.

Siku iliyofuata, mama mkwe akagonga mlango wa wifi yake kwa fimbo.

"Toka nje."

"Nimekosa nini?"

"Umenihurumia. Miaka yote umenicheka, nikanenepa. Siku mbili hizi umenihurumia, nimekonda. Sasa nicheke."

"Nitakuchekaje, wifi, na buti halikuingia?"

"Ndiyo unicheke."

Wifi mtu akasimama mlangoni akifikiri. "Kisigino chako ni kikaidi kama mwenyewe," akasema hatimaye.

"Endelea."

"Hata buti limekuona likakumbuka lina safari."

Mama mkwe akacheka hadi akashika ukuta. Alipomaliza kufuta macho, alimwita mkwe wake. "Mwanangu, nipime tena. Nipime jioni, nikiwa nimesimama kutwa, nimechoka, nimekunywa chai. Nipime nikiwa mbaya kabisa. Nataka kwenda jiweni."

Wahenga walishasema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama Mabuti alibeba vipimo vipya hadi kwa fundi wa pancha aliye karibu na kituo cha mafuta, mtu ambaye mikono yake haijawahi kuwa na rangi nyingine zaidi ya nyeusi.

"Mguu wa saizi gani?" akauliza fundi.

"Saizi ya Mama."

"Hiyo haipo kwenye tairi lolote. Kaa tuitafute."

Walichukua mabuti mawili mabovu yasiyokuwa na wenzao, wakayafanya moja. Ubavuni wakatia mpira wa tyubu ya lori. Wakasugua kwa msasa, wakapaka gundi ya pancha, wakabana, wakangoja. Juu wakashona mikanda ya begi la shule, ili buti lilegezwe mguu ukivimba na likazwe ukinywea. Kisha wakalizamisha kwenye karai la maji, kama tairi. Povu moja likapanda karibu na kifundo.

"Linapumua," akasema fundi. "Tuliue." Akaliongezea kiraka.

Malipo alikataa. Alitaka jambo moja tu: kuambiwa safu ilimea au haikumea. Habari za Kichwachini zilikuwa zimeshafika hata kituo cha mafuta.

Jioni ya kujaribu, hakuna aliyeketi. Vidole vikaingia, unyayo ukaingia, kisigino kikasita kidogo kama mtu anayevua kofia mlangoni, kikaingia. Mama mkwe akafungwa mikanda. Akasimama. Akauzunguka ua mara moja, na buti likawa linasema pwaa, pwaa, pwaa.

"Vizuri," akasema wifi yake. "Sasa wezi wa mtaa huu wote watahama."

Buti lile sasa linaning'inia kibandani kwa Mama Mabuti, kwenye msumari mnene wa peke yake, na mwenzake mdogo kando yake, wakingoja bamvua. Na kuning'inia kwake kumeleta jambo ambalo hakulitegemea.

Muuza mayai mmoja, ambaye hupita langoni kila siku bila kusimama, alisimama. Akalitazama buti, akatazama pembeni.

"Ile jozi inaazimishwa?"

"Kwa nani?"

"Kwa mtu ninayemjua."

Mama Mabuti, ambaye siku zote huanza kumtazama mtu miguuni, safari hii alimtazama usoni. Sketi ya muuza mayai ilifika chini kabisa.

"Mwambie huyo mtu aje jioni," akamjibu. "Mguu hupimwa jioni. Mchana huwa unajidai."

Tangu hapo wamekuja wengine, mmoja mmoja, kila mmoja akimuulizia mtu anayemjua. Mama Mabuti ameshapanga na fundi wa pancha: upande mmoja wa ukuta utakuwa wa mabuti mapana, yenye mikanda, bei ile ile ya mkate mmoja. "Miguu hii imekaa ndani muda mrefu," anasema. "Nayo inataka kuona ndege."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo alilibeba moyoni peke yake, na lilimkosesha usingizi kuliko mabuti yote.

Alikuwa ametangulia jiweni. Alitaka kuhakikisha njia inapitika, wapi tope ni zito, wapi kikongwe atapumzika. Kwa mara ya kwanza akalifikia lile jiwe la mkate. Upande wake mmoja mikoko imesimama minene, mizizi imefumana kama vidole vya watu wanaoomba dua. Upande wa pili kuna pengo. Tope tupu, urefu wa safu moja.

Jioni moja, wakikunja nguo zilizokauka, akajaribu kuuliza kwa mbali. "Mama, ulipanda upande gani wa jiwe?"

"Kulia."

"Kulia ukitazama bahari, au ukitazama nyumbani?"

"Nilikuwa natazama tope, mwanangu. Mtoto mgongoni, ningetazama nini kingine?"

Mama Mabuti akakunja shuka ile ile mara ya pili. Mama mkwe akamwona. Mtu aliyelea watoto hujua mtoto aliyeficha kitu, hata mtoto huyo awe mkwe mwenye nywele za mvi.

"Sema."

Akasema. Akaeleza upande wenye miti, akaeleza na upande wenye pengo. Wifi mtu, aliyekuwa anakunja taulo, akaliacha magotini.

Mama mkwe aliweka kando nguo aliyokuwa anaikunja. Kisha akamgeukia wifi yake.

"Kitendawili."

"Tega."

"Mtoto wangu humzika akiwa hai. Nikipatia kichwa, hunisimamia maisha yake yote. Nikikosea, hanisalimii tena."

"Mkoko," akajibu wifi yake. "Hicho ni cha kitoto. Mimi nina kikubwa. Niliacha watoto wangu mlangoni pa bahari, sijui walisimama au walilala, na bado usiku nasikia wakiniita mama."

Mama mkwe akafikiri. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Nipe."

"Nakupa huu huu tunaokaa."

"Siutaki, una matope. Jibu ni wewe." Wifi mtu akarudi kwenye taulo lake. "Mimi nitakwenda na wewe, maana nisipokuwepo utarudi na uongo."

Kwa hiyo safari imepangwa. Bamvua ijayo, maji yakianza kutoka, watashuka wanne: mama mkwe na buti lake la pwaa pwaa, wifi yake na jozi ya kawaida, fundi bomba atakayebeba kiti cha plastiki mgongoni kwa kulipa deni la kubebwa, na Mama Mabuti mbele, akipapasa njia. Watakwenda mapema, mguu ukiwa mdogo, watarudi polepole, mguu ukiwa mkubwa. Mikanda itajua la kufanya.

"Na kama safu yako ni lile pengo, Mama?" aliuliza Mama Mabuti, mwishowe.

"Kama ni pengo, nitaokota mche ulioanguka, niuchomeke upya." Alikwisha kumuuliza askari wa lango, kumbe, kwa simu, bila mtu kujua. Askari akajibu kwamba kutoa kitu ndiko kulikokatazwa. Kumwinua topeni mtoto aliyeanguka mwenyewe, hilo hajaliona limekatazwa popote.

"Na safari hii," akaendelea mama mkwe, "kabla sijachomeka, nitamuuliza wifi kichwa ni kipi."

"Uliza," akasema wifi yake, akipiga kofi taulo lililokunjwa. "Nitakwambia uongo."

Asubuhi hii kibandani, wageni wa kwanza wanakaribia lango, na Mama Mabuti amebakiza buti moja la kukagua. Anaangua lile kubwa kutoka kwenye msumari wake mnene. Mkono unaingia mpaka kiwikoni, unaendelea, unafika begani. Anapapasa muda mrefu kuliko kawaida, huku na huku, hadi kwenye kidole cha mwisho.

"Hamna mtu," anasema, na kulirudisha mahali pake. "Linamngoja mwenyewe."